Upande wa Kulia wa Kitabu

Mtaani walimwita Mama Saa, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Jirani wa mlango wa pili alisema mwanamke yule hata kupiga chafya hukupangia muda. Mwenyewe alipolisikia hakununa. Alisema afadhali aitwe Saa kuliko kuitwa Kesho, maana akina Kesho anawajua wengi, na kazi yao hajawahi kuiona ikiisha.

Kazi yake yeye ilikuwa ya kupokea simu. Kampuni ya kutengeneza mafriji ilimweka asikilize watu wakilalamika: friji langu linanguruma, friji langu linavuja, friji langu linagandisha mboga na kuyeyusha barafu. Huuliza mtaa, huuliza friji ni la aina gani, kisha humpangia fundi. Mafundi walikuwa watatu, na aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake aliitwa Mrefu, ingawa kwa kimo alikuwa wa kawaida tu; mrefu ulikuwa mkono wake wa kuomba chai kwa wateja.

Kazi hiyo zamani aliifanyia ofisini. Kisha mama mkwe wake akaanguka bafuni, akapooza nusu ya mwili, akalala asiinuke tena. Daktari akasema mgonjwa wa namna ile ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atatoka vidonda vya kulalia, na vidonda vile vikishaingia havina adabu. Mume wa Mama Saa alikuwa mtunza ghala la mbao, na ghala haliachwi peke yake. Wifi yake, binti wa yule mama, alikuwa na wajukuu watatu mgongoni na maneno mengi mdomoni. Basi mzigo ukamwangukia mkwe. Akaenda kwa msimamizi wake ofisini, akamweleza bila kulia, na msimamizi akamwandikia ruhusa: afanyie kazi nyumbani, na kila baada ya saa mbili apewe robo saa ya kumgeuza mgonjwa. Robo saa hiyo simu ikiita isipopokelewa, hataulizwa.

Hapo ndipo kitabu kilipoingia. Kila mwezi wa kumi na mbili alikwenda kwa muuza madaftari, akachagua kitabu cha siku chenye jalada gumu, ukurasa mmoja kwa siku moja, saa zimepigwa chapa pembeni. Kile cha wiki nzima katika kurasa mbili hakukitaka. Alisema hicho ni cha watu wenye nafasi. Nyumbani aliketi na rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto ulikuwa wa mafundi. Upande wa kulia ulikuwa wa mama. Kushoto utasoma, Mrefu, nyumba ya bati jekundu nyuma ya shule, friji haligandishi. Kulia utasoma, saa nne ubavu wa kulia, saa sita chali, saa nane ubavu wa kushoto. Kila lililotimizwa alilitia alama ya vema kwa penseli iliyochongwa.

Vijana wa ofisini walimcheka. "Mama, hayo yote yamo kwenye kompyuta."

"Umeme ukikatika kompyuta yenu hukumbuka nini?" aliwauliza kwenye simu.

Miaka sita ikaenda hivyo. Meza yake ilikaa ukumbini, dirisha likiwa mkono wa kushoto na mlango wa chumba cha mama mkono wa kulia, hatua saba. Aliinuka, akaenda, akavuta shuka, akampindua mama kwa namna aliyofundishwa na muuguzi, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, akamwekea mto katikati ya magoti, akamtazama visigino na kiuno kama mtu anayetafuta doa kwenye nguo nyeupe, akarudi.

Wala usidhani walikuwa chanda na pete. Miaka kumi ya mwanzo mama yule hakula chakula cha mkwe wake bila kufunua kwanza na kukikagua. Kulala kitandani hakukumkata ulimi.

"Karani," aliita, maana hivyo ndivyo alivyomwita, "sasa hivi nalalia wapi?"

"Ubavu wa kulia, mama."

"Yaani natazama ukuta."

"Saa sita utatazama dari."

"Heri yangu. Wenzangu wanapanda ndege, mimi nasafiri kutoka ukutani mpaka darini, na tiketi unanikatia wewe."

Mama Saa hakucheka mbele yake. Alicheka akiwa hatua ya nne kurudi mezani. Na katika miaka ile sita, mwili wa mama haukutoka kidonda hata kimoja. Muuguzi alikuja kila mwezi, akafunua, akatafuta, akakosa. Siku moja alisema ameona wagonjwa wa hospitali kubwa wakiwa na ngozi mbaya kuliko ile. Mama Saa aliliandika neno hilo kitabuni kwa kalamu ya wino, upande wa kulia, na tarehe yake.

Mama alikufa mwezi wa tatu, siku ya Jumanne. Saa nne kasoro dakika mbili Mama Saa aliinuka mezani kama kawaida. Akamkuta amelala chali, macho yamefumba, mkono wa baridi. Alijua. Mtu aliyeshika mwili mara tano kila mchana kwa miaka sita haambiwi. Akamgeuza. Akamlaza ubavu wa kulia, akamwekea mto katikati ya magoti, akarudi mezani, akatia alama ya vema, ndipo akampigia mumewe simu ghalani.

Kwenye mazishi hakulia. Wifi yake alilia kwa ajili ya wote wawili, akamtupia jicho mara mbili tatu. Watu walimshika mkono wakamwambia pole, lakini sasa umepumzika. Akajibu asante. Hakuona uchungu wala nafuu. Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake mwenyewe, anauona upo, anaugusa, hausikii.

Ofisini aliomba siku tatu, akasema ni dharura ya nyumbani. Neno msiba lilimkataa kinywani. Alijiambia atamweleza msimamizi siku atakayorudi kazini, kwa utulivu. Siku hiyo ikafika, akafungua kitabu, akapokea simu nne za asubuhi, na saa nne ikafika. Kitabuni palikuwa pameandikwa, saa nne ubavu wa kulia. Akainuka. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa. Akasimama kidogo, akauchukua mto, akaugeuza, akaulaza. Akapitisha kiganja juu ya shuka kutafuta mikunjo. Robo saa ilipokwisha akarudi, akatia alama ya vema. Baada ya hapo hakuona tena pa kuanzia kumweleza mtu.

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Wifi alikuja akachukua magauni ya mama yake, akasema kitanda atakifuata mwezi ujao. Mume alimkuta Jumamosi moja akiunyoosha mto.

"Unafanya nini?"

"Saa sita imefika."

Mume alimtazama, akatazama ule mto. Yule alikuwa mama yake yeye, aliyemzaa. Akatoka nje akachukua ufagio, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Tangu siku hiyo Jumamosi alikwenda ghalani, ijapokuwa haikuwa zamu yake.

Kitu kingeendelea hivyo mpaka lini, hajui mtu. Kilichokikatiza kilikuwa maziwa.

Mtaa wa juu palikuwa na mwenye duka la maziwa. Friji lake kubwa lilizima siku ya joto, saa nane na dakika mbili. Akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena. Mama Saa alikuwa chumbani, saa nane ubavu wa kushoto. Aliporudi akapokea, akaandika, lakini Mrefu alikuwa amekwisha kuondoka mtaa ule kwenda upande mwingine wa mji, na hadi anarudi maziwa yalikuwa yameganda kama jibini. Mwenye maziwa akaandika barua ofisini, kurasa mbili. Ndani yake aliuliza swali moja la maana: huyo mama yenu, saa nane huwa anakwenda wapi?

Msimamizi akapiga simu Jumatano.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepata barua ya mtu wa maziwa. Sikulaumu, najua ilikuwa zamu ya mgonjwa. Nimewaambia wa juu hivyo hivyo. Lakini wanaulizauliza. Basi nimeona Ijumaa nipite hapo nyumbani nimwone bibi. Miaka sita nasikia habari zake, sijamwona uso. Nikishamwona kwa macho yangu, nitawajibu vizuri."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno mawili tu, mama amefariki, mtoto mdogo huyaweza.

"Karibu sana," Mama Saa alisema. Akafungua ukurasa wa Ijumaa, akaandika upande wa kulia, saa tisa na nusu, msimamizi kumwona mama. Aliyasoma maneno yale kama yameandikwa na mtu mwingine. Alijua vizuri yaliyomngoja: ruhusa ilikuwa ya mgonjwa, mgonjwa hayupo, na wiki ya saba hii anaila robo saa ya kampuni mara tano kwa siku. Mtu hufukuzwa kazi kwa kidogo kuliko hicho. Alijua, kama unavyojua mvua inanyesha mji wa mbali.

Wifi yake alikuja Alhamisi kufuata vyombo, akamkuta anafuta vumbi chumba cha mgonjwa.

"Wifi, kuna mgeni?"

"Msimamizi wangu anakuja kumwona mama."

Wifi aliweka sufuria chini. "Mama yupi?"

"Mama."

"Wifi, usinitishe. Hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

Wifi aliketi kwenye ukingo wa kitanda, na Mama Saa akamwinua, akasema anatia shuka mikunjo. Wifi akaokota sufuria yake, akasimama nayo katikati ya chumba.

"Basi sikiliza. Mwambie nimemchukua mimi. Amekuja kwangu kubadilisha hewa. Nani atakwenda kuhakikisha? Mimi nitasema ndiyo, yupo, amelala."

"Na akisema atapita kwako?"

"Nitamlaza jirani yangu. Ni mzee na anapenda kulala."

Mama Saa akaendelea kufuta vumbi.

"Wewe," wifi alisema, "Malaika wa mauti akija kukuchukua utamwambia akae ukumbini, hajaandikwa." Akangoja acheke. Alipoona hacheki, sauti ikamshuka. "Wifi, mimi nililia nikaisha. Wewe hujaanza. Mama alikutukana miaka ishirini, nami nilikuwa nasikia. Hakuna atakayekusema ukilia, na hakuna atakayekusema usipolia. Lakini huu mto, wifi. Mume wako ameniambia habari za huu mto."

"Ukitoka funga mlango, vumbi linaingia," Mama Saa alijibu.

Ijumaa msimamizi akaja saa tisa na nusu barabara. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, viatu vya kufunga, mkononi ana mfuko wenye machungwa, sabuni na mafuta ya kupaka ngozi. Aliketi kidogo ukumbini, akaitazama meza, simu, kitabu. Akasema pamepangika kuliko ofisini. Kisha akainuka.

"Nimsalimie bibi, nisije nikamkuta kasinzia."

Mama Saa akatangulia. Uongo wa wifi yake alikuwa nao, umekunjwa tayari kama noti mfukoni. Akafungua mlango. Msimamizi akaingia na tabasamu la kuingilia kwa mgonjwa, akatazama kitanda kilichotandikwa, mto mmoja kichwani, mto mmoja katikati. Tabasamu likabaki usoni halina kazi.

"Amepelekwa hospitali?"

"Amefariki," Mama Saa alisema. "Mwezi wa tatu."

Ilitoka kavu, kama anamtajia mteja saa ya fundi. Msimamizi akaweka mfuko sakafuni polepole.

"Mwezi wa tatu."

"Jumanne. Siku zile tatu nilizoomba."

"Mama, huu ni mwezi wa tano."

"Najua. Ninacho kitabu."

Wakarudi ukumbini. Msimamizi aliomba maji, akanywa yote, akauliza kama anaweza kukitazama hicho kitabu. Mama Saa akakisogeza. Yule akafunua siku baada ya siku, kushoto mafundi, kulia mama, alama za vema chini hadi juu, kabla ya ile Jumanne na baada yake, hakuna tofauti. Alitafuta ukurasa ambao mwandiko umetetemeka, asiupate. Akafunua mbele, mwezi wa sita, wa nane, wa kumi. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Upande wa kulia ulijaa.

"Mbona huku mama ameandikwa mpaka mwisho wa mwaka?"

"Alitaka mwenyewe. Zamani nilikuwa namwandika wiki moja moja. Mwaka ulipoanza akaniuliza, 'Karani, mbona unaniandika wiki wiki kama kibarua wa kupalilia?' Nikamwambia sijui ya mbele. Akasema, 'Na mimi siyajui, ndiyo maana nataka yaandikwe. Niandike mwaka mzima, nione kama unanitarajia.' Nikaandika siku tatu, mlango wazi, yeye anasikiliza kalamu."

"Akafurahi?"

"Aliposhikiwa aone, alisema mwandiko wangu mbaya."

Msimamizi aliuma mdomo, hakujua acheke au afanye nini. Mama Saa alikuwa akitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika sita.

"Nitakuambia lililopo," msimamizi alisema. "Ile barua ni lazima niijibu. Nikiandika kwamba umechukua muda wa mgonjwa asiyekuwepo, wa juu wataita wizi, na utatoka. Nikiandika kwamba mgonjwa amefariki, ruhusa imekwisha, na simu sasa inapokelewa saa zote, hawatachimba. Lakini siwezi kuandika nisichokijua. Saa kumi hiyo inakuja. Kaa hapa pamoja nami mpaka ipite. Ukikaa, kazi inabaki nyumbani kwako. Ukiinuka, Jumatatu unakuja ofisini, nitakuwekea meza."

"Meza gani iliyobaki?"

"Ya karibu na choo."

"Nilijua."

Wakakaa. Nje mtu alikuwa akipigilia misumari, akaacha, akaanza tena. Msimamizi alikunja mikono mapajani kama mtoto wa shule siku ya ukaguzi. Mama Saa aliiweka yake juu ya meza, akaitazama. Ilikuwa mikono ya mtu wa miaka hamsini na tatu, minene vidoleni kwa kushika mwili mzito. Saa kumi kasoro moja. Saa kumi. Mshale ukapita. Hakuna kilichotokea. Dakika moja, dakika mbili. Msimamizi akaanza kutabasamu.

Mama Saa akasimama.

"Mama, umekwisha kuweza," msimamizi alisema. "Umebakiza kidogo tu."

"Leo nimeweza, kwa sababu wewe umekaa hapo. Jumatatu hukai hapo." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Ukiandika simu itapokelewa saa zote, utakuwa umesema uongo kwa ajili yangu, nami sijawahi kusemewa uongo na ofisi. Kutoka hapa mpaka mlango ule ni hatua saba. Siwezi kukaa hatua saba kutoka mlango ule. Nitakuja huko kwenye choo chenu."

"Utatoka nyumbani alfajiri, mama. Mabasi mawili."

"Nitatoka alfajiri."

Akaingia chumbani. Msimamizi alisikia shuka ikinyooshwa, kisha akasikia kimya, na kimya kile hakikufika robo saa. Mama Saa aliporudi uso wake ulikuwa vilevile, mkavu, wala macho hayakuwa mekundu. Alikaa, akavuta kitabu, akafunua Jumatatu. Hapakuwa na nafasi upande wa kulia. Palikuwa na saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, kwa wino. Akachukua rula na kalamu nyekundu, azikate saa zile moja moja. Rula ilikuwa ya zamani, imepinda katikati, ikawa inateleza juu ya karatasi, mara ya kwanza, mara ya pili.

Msimamizi akasogeza kiti chake, akaikandamiza rula kwa kidole upande wa pili, na Mama Saa akapiga mstari wa kwanza.